Niliwaambia wasihame mlimani, leo nawaomba wahame

Wakuu, salamu kutoka Silver Spring.

Haya yamenipata mimi mwenyewe, sijatia chumvi. Mwenye kucheka acheke.

Shule niliishia darasa la nne. Hapa Maryland, Marekani, nilianza kwa kusukuma wilbaro ya mtu mwingine, leo nina crew yangu na malori mawili. Tunajenga kuta za kuzuia udongo kwenye backyard za watu. Kwa hiyo mtu asinifundishe udongo.

Nyumbani Murang'a nilimjengea ndugu yangu Njoroge nyumba ya mawe kwenye mteremko wetu wa chai. Nilimwambia fundi akate kilima kwa nyuma, tupate sehemu tambarare.

Mvua kubwa zilipokuja, chifu akaita baraza. Kwa hofu ya maporomoko, akataka familia zote za mteremko ule zihamie kwenye shule iliyo juu, nje ya mteremko.

Nikapiga simu, nikawekwa loudspeaker. "Huyo anataka mashamba yenu! Babu zetu walikaa hapo, hatuhami!"

Watu wakapiga makofi. Nyumba tano zikabaki pale kwa sababu ya mdomo wangu.

Majuzi tulikuwa tunamjengea ukuta mama mmoja mzungu, mzee kunizidi, amestaafu kazi ya kuchunguza milima. Nikamwonyesha picha ya nyumba yetu, najivuna. Akaivuta karibu na macho.

"Nani alikata hapa?"

"Mimi."

"Na maji ya nyuma ya nyumba yanapitia wapi kutoka?"

Wakuu, hilo swali mimi huwauliza wateja kila siku. Kwa nyumba yetu sikuwahi kuliuliza.

Akaleta laptop, akatafuta mlima wetu kwenye picha za angani. Sikuwahi kuona kwetu kutoka juu. Akafuatisha kwa kidole: juu pamemegwa kama bakuli, chini yake kuna nundu pana. Nundu ile ndiyo shamba letu, pale babu alipopapendea udongo mweusi na chemchemi.

"Udongo huu haukuwa hapa," akasema. "Ulishuka na mlima, zamani sana."

Nimecheza pale utotoni, nimezika wazazi pale. Kumbe miaka yote tumekaa juu ya mlima ulioanguka!

Akaniambia niulize kama kuna ufa juu ya nyumba, maana ufa ni dalili kwamba udongo unaanza kushuka tena. Asubuhi yake nikampigia Njoroge, nikamwambia apande nyuma ya chai, atafute ufa.

"Umeambukizwa uoga wa wazungu?" akanicheka.

Nikamsikia akihema akipanda. Kisha akasimama.

"Upo."

"Ingiza mkono."

"Umeingia mpaka kwapani. Chini sijagusa."

Alihama siku ile ile. Lakini ufa unapita juu ya nyumba zote tano, na majirani wanne wakamwambia, "Kaka yako ndiye alisema tusihame. Aseme mwenyewe."

Nikamwomba chifu aite baraza. Mimi si mtu wa kuomba msamaha, hata mke wangu anajua. Nikawekwa loudspeaker tena.

"Chifu alisema kweli. Mimi niliwapotosha, na mlima nilikata mimi. Tokeni hapo."

Jamaa mmoja akapaza sauti, "Mzee wa dola anaogopa mvua kwa simu!"

Wakacheka. Nikangoja wamalize, nikarudia yale yale.

Familia tatu zikahamia shuleni. Aliyebaki ni nyanya Wangui, mjane, anasema hamwachi mumewe aliyezikwa pale. Mawingu yakitanda, Njoroge anashuka kumchukua. Wanagombana njia nzima mpaka shuleni. Asubuhi nyanya anarudi kuchuma chai yake.

Mlima bado umesimama. Wengine wameanza kusema nimewahamisha bure. Waseme.

Nilichojifunza: ukiwapotosha watu mbele ya baraza, usiwarekebishe kwa kunong'ona. Na mtaalamu si lazima awe adui yako, hata kama wewe umejitengeneza mwenyewe.

Nyinyi mliojengea wazee kwenye miteremko, iwe Murang'a, Elgeyo au Kivu, pigeni simu leo. Mtu apande nyuma ya nyumba atazame ardhi.

Halafu njooni hapa mtuambie ameona nini.