Waipa za Gari la Baba

Kaka yangu mkubwa akicheka, hucheka na mabega. Nimeyachukia yale mabega tangu utotoni. Siku mkebe wa mafuta ya kupikia ulipojikunja mbele yake alicheka mpaka akashikilia nguzo ya kibanda, na mimi nilikuwa na spana mkononi. Mungu tu ndiye aliyenizuia.

Hebu nieleze mwenyewe, maana watu hapa Voi wamesikia habari za gari lile kutoka kwake tu, na yule bwana hana breki mdomoni. Wanaliona limefunikwa turubai nyuma ya duka langu la spea, wanauliza ni nani kati yetu aliyeshinda. Sipendi swali hilo.

Gari lilikuwa la baba. Gari la Kiingereza la zamani, rangi ya chai iliyozidi maziwa, alilolinunua kwa meneja wa shamba la mkonge kule Mwatate alikokuwa karani. Alipofariki hakusema analiacha kwa nani, akatuacha tukikodoleana macho. Kaka akaona kwa kuwa yeye ni kifungua mimba, basi ni lake. Tena alikuwa ameshapata mnunuzi, jamaa mwenye loji upande wa Tsavo, aliyetaka kung'oa injini, aliweke langoni na apande maua ndani ya boneti. Maua! Ndani ya gari la baba yangu!

"Ni chuma tu," kaka akasema.

"Chuma ni kichwa chako," nikamjibu.

Kuanzia hapo hatukusalimiana ila mbele ya mama. Na mama alituona. Kwetu Taita hasira haifugwi moyoni. Mtu akiwa na kinyongo na wa damu yake, hasa akiwa mzazi, kinyongo hicho chaweza kumlaza mtoto kitandani au kuharibu mahindi shambani. Kwa hiyo hutolewa. Aliyekasirika hujaza maji mdomoni, akayapuliza nje, akasema yaliyo moyoni yatoke na watu wake wabaki salama. Tunaita kutasa. Wazee walitumia pombe ya miwa. Mama ni mtu wa kanisa, hutumia maji na kumalizia kwa amina. Tulipokuwa wadogo tukigombana alituita, akatupatia kikombe kimoja, na tulipulizana maji mpaka tukacheka. Safari hii alituletea kikombe hichohicho. Kaka akakataa. Nami nikakataa, maana hasira yangu nilikuwa naipenda. Mama hakutusihi. Maji aliyamwaga kwenye mche wa ndimu akaingia ndani.

Silaha kubwa ya kaka ilikuwa waipa. Gari lile waipa zake haziendeshwi na umeme. Kuna kibomba kinachotoka kwenye injini. Injini ikivuta hewa, ule mvuto ndio unaozisukuma waipa huku na huku. Kwenye tambarare hazina neno. Lakini panda mlima, kanyaga mafuta, na mvuto unakufa. Waipa zinasimama katikati ya kioo wakati ule ule unapozihitaji. Sasa mchukue mtu anayeishi juu ya Wundanyi, nyumbani kwetu, kwenye kona zile na mvua zile, umpe gari linalopofuka likipanda. Kaka alisema ni gari la mjinga. Nilichukia zaidi kwa sababu hoja yake ilikuwa na maana.

Baba alikuwa na dawa yake. Mvua ikinyesha mlimani aliachia mafuta, gari likapunguza mwendo karibu kusimama, waipa zikaamka zikapiga mara kadhaa, akaona barabara, akakanyaga tena. Kona kwa kona hivyo hivyo hadi juu. "Ngojeni zivute pumzi," alikuwa akituambia mimi na kaka, nasi tulisubiri kama watu wanaosubiri uji upoe. Ndiyo kumbukumbu yangu tamu kuliko zote, baba, mvua, na ile harufu ya viti vya ngozi. Mama alikaa kiti cha nyuma daima. Hata tukiwa watatu tu, kiti cha mbele kikiwa kitupu, yeye alienda nyuma. Na hakuwahi kuliita gari letu. Alisema "gari la baba yenu."

Nikaapa kuziponya zile waipa. Nauza spea, baba alinifundisha spana kabla sijajua kusuka nywele, nishindwe na waipa? Jambo lenyewe si uchawi. Unahitaji tangi la kuhifadhi mvuto, na vavu inayoruhusu hewa kupita upande mmoja tu. Mvuto wa injini ukiwa na nguvu unafyonza hewa yote ya tangini. Ukikanyaga mafuta, waipa zinatumia akiba iliyomo. Kwa papara zangu nikafunga mkebe mkubwa wa mafuta ya kupikia. Kuwasha injini, mkebe ukalia pwaa, ukabonyea kama umekanyagwa na ndovu. Ndipo kaka, aliyekuja bila kualikwa, alipocheka na mabega yake.

Nilimfukuza. Nikaenda kwa wauza skrepa, wale wa vyuma vikuukuu, nikapata mtungi mtupu wa kuzimia moto, chuma kinene. Vavu niliitoa kwenye breki za lori lililopindukia barabara ya Mombasa. Nikabadilisha vibomba vyote, vilikuwa vimepasuka kama visigino vya kiangazi, nikaisafisha mota ya waipa, ile ya mvuto, iliyojaa grisi iliyoganda tangu enzi za meneja. Mtungi nikauficha chini ya boneti, asiuone mtu. Kazi ya siku moja, tena siku yenyewe haikuisha.

Wakati huo mama alikuwa kwangu Voi kwa ajili ya kliniki ya presha, na mvua za vuli zilikuwa zimeanza. Kaka akasema mbele yake, mezani, huku akitafuna chapati yangu: "Mpandishe mama nyumbani na gari hilo siku ya mvua. Nitakaa mbele nizitazame. Waipa zikisimama hata mara moja, nauza, na usinifungulie mdomo. Zisiposimama, gari ni lako."

"Lete mkono," nikasema.

Tukapeana mkono juu ya sahani. Mama alikuwa akitutazama. Nilidhani amefurahi kwamba tumegusana.

Mvua ilitukuta Mwatate. Si ile ya kuchezea, ni ile inayoshuka kutoka milimani na ukungu wake mzima. Kaka alikaa mbele akizikodolea waipa kama mtu anayechunga mbuzi wa jirani. Mama nyuma, na leso yake, na chupa ya maji. Tukaanza kupanda. Kona ya kwanza, zinapiga. Nyingine, zinapiga. Nilikanyaga mafuta kwa makusudi, kwa jeuri kabisa, injini ikanguruma na waipa zikaendelea na kazi yake.

Tukafika ile kona kali iliyo na mwamba, pale ambapo baba hakuwahi kupita bila kuachia mafuta. Nikakanyaga mpaka chini. Tap, tap, tap. Kioo safi.

"Haya!" nikapiga kelele. "Zimesimama wapi? Nionyeshe! Cheka sasa! Yako wapi mabega?" Kaka akageukia dirishani. Haki ya nani, sijawahi kuonja kitu kitamu vile. "Umeona, Mama? Umeziona?"

"Simamisha gari," mama akasema.

Nikasimama kando ya mwamba, injini ikiwaka, waipa zikiendelea.

"Umeweka nini?"

"Tangi tu, Mama. Mtungi mkuukuu na kivavu."

"Ni kazi kubwa?"

"Wala! Siku moja haikuisha."

"Siku moja," akasema. "Kumbe ilikuwa kitu kidogo hivyo."

Sauti yake haikuwa ya pongezi. Nikamtazama kwenye kioo. Alikuwa ameikunja leso yake mapajani kama anayepakata kitu.

Sasa lazima mjue kwamba kati ya kaka na mimi kulikuwa na mtoto mwingine, wa kike, aliyekufa na homa akiwa mdogo. Tuliambiwa alifia hospitalini. Hilo tu, na nyumbani kwetu hakuna aliyeuliza zaidi.

"Hakufika hospitali," mama akasema. "Alifia hapa. Tulikuwa tunaishi chini, shambani, na hospitali tuliyoitumaini ilikuwa ile ya juu. Mvua kama hii. Mtoto anahangaika kupumua hapa mapajani, nami nimekaa hapo mbele ulipokaa wewe," akamwonyesha kaka, "na baba yenu kila kona anaachia mafuta, ananiambia ngoja, ngoja zivute pumzi. Kona zote hizi, nangoja. Fundi wa shamba alikuwa ameshamwambia, hata mwaka haujapita: weka tangi, mzee, utaua watu. Akasema gari la Mzungu haliguswi na spana ya mtu mweusi. Nilikuwepo. Ndimi niliyewapa chai."

Waipa zikaendelea kupiga. Tap, tap, tap.

"Miaka yote nilijiambia labda haikuwezekana. Labda fundi alikuwa mdomo tu. Mkaanza kupigania gari hili kama ziwa la mama, nikasema, sawa, waache. Leo nimeona. Siku moja haikuisha."

Nitasema nilivyohisi, sitajipamba. Kwanza nilimkasirikia mama, kwa kunipokonya baba yangu siku niliyomshindia. Halafu hasira ikamgeukia baba mwenyewe, huko kaburini, na viti vyake vya ngozi. Nilitaka kuung'oa ule mtungi kwa mikono niutupe bondeni.

Kaka ndiye aliyesogea wa kwanza. Kaka huyo huyo mwenye mdomo. Aligeuka, akaichukua ile chupa ya maji pembeni mwa mama, akaifungua, akampa kwa mikono miwili.

"Mama, tasa," akasema. "Tafadhali. Yatoke. Tuko hapa wote."

Mama akaipokea. Mimi nikashuka mbio kwenye mvua, nikamfungulia mlango wa nyuma ili apulizie nje, nikasimama pale nimelowa chepechepe. Akajaza maji mdomoni. Mashavu yakavimba. Akazitazama zile waipa zikienda na kurudi, safi, bila kukwama, akazitazama mpaka kaka akaanza kulia waziwazi kama mtoto.

Akayameza.

"Funga mlango," akaniambia. "Endesha. Hapa nimeshangoja vya kutosha."