Friza Mbili za Marehemu

Jumatatu ya pili ya Agosti, mwaka jana, nilimpoteza mume wangu. Siku ya kumaliza kilio nilipoteza friza zake mbili na mizani, vitu vya biashara yake ya samaki. Ndugu zake walizibeba mchana kweupe, mimi nikiwa bado nimekaa kwenye mkeka. Hiyo waliiita desturi.

Desturi hiyohiyo inataka madeni yatajwe kabla watu hawajatawanyika. Kaka yake mkubwa alisimama akauliza, "Nani alimukopesha marehemu? Aseme leo, kesho hatutasikia." Watu wa kooperativi ya mikopo, waliomkopesha, hawakuwepo. Ningeweza kunyamaza. Niliinuka nikasema deni lipo, la samaki aliowanunua Kasenga kuja kuuza, wakaoza umeme ulipokatika wiki nzima, na kwamba mimi pia nilisaini, nikaweka rehani karatasi za parsele yangu, kiwanja changu cha Kasungami.

"Basi iko yako, shemeji," akasema. "Umejisemea weye mwenyewe."

Watu wakacheka. Kwenye kilio, wakacheka!

Kooperativi ilipotishia kuuza parsele, nilikwenda mahakama ya biashara kuuliza kama mjane anaweza kutangaza kufilisika. Karani, mama wa makamo, hakuinua kichwa.

"Uko na rejista ya biashara?"

"Hapana. Alikuwa nayo mume wangu."

"Basi weye hauwezi kufilisika, Mama. Yeye ndiye anaweza."

Nilidhani ananitania. Akaeleza kwamba mfanyabiashara akifa ameshindwa kulipa, warithi wana mwaka mmoja wa kuomba mahakama iuze mali yake na kuwalipa wanaomdai. Nikauliza yote yaliyoninyima usingizi. Jela? Hapana, deni si wizi. Kitanda na sufuria zangu? Havikamatwi. Na sahihi yangu? Hiyo inabaki.

"Kitakachopungua watakudai weye. Kwa hiyo andika mali yake yote, na kila kitu kiko kwa nani."

Nilitoka na hasira. Kumbe kila friza iliyobebwa ilikuwa kipande cha parsele yangu! Walichukua mali, deni wakaniachia mimi, na mimi ndiye niliyeonekana mjinga.

Niliandika orodha siku hiyohiyo. Yule shemeji mkubwa akasikia. Jioni alikuja, hakusalimia.

"Minasikia unatuandika kama bezi."

"Sikuandika wezi. Niliandika friza mbili na mizani, na viko nyumba gani."

"Moja muke wangu anauzishia bia! Futa hiyo moja tu. Nitakusaidia unga wa batoto."

Tangu kilio hakuwa amewaletea wanangu hata kikombe kimoja cha unga.

"Sifuti," nikamwambia.

"Basi usituite tena ndugu."

Akaondoka.

Asubuhi nilirudi kwa karani. Alisoma orodha hadi mstari wa mwisho, simu ya marehemu, mwenye nayo: mimi.

"Hii ungeiacha tu, Mama. Nani angejua?"

"Ni yake," nikasema.

Akanitazama kidogo, akagonga muhuri.