Mbuzi Niliyemuua Kichanjani

Wiki tatu zilizopita tuliigiza kwenye ukumbi wa kanisa hapa Tunduma, yale maigizo yetu yasiyoandikwa. Kama hujawahi kuyaona, nikueleze kidogo. Tunasimama mbele watu wanne, mikono mitupu, tunawaomba watazamaji watutajie mahali, kisha tunaanza. Hakuna anayejua kitakachotokea, na sisi ndio wa kwanza kutojua. Jumapili hiyo mama mmoja aliyekaa karibu na mlango akapaza sauti: "Kwenye kichanja cha kahawa!"

Mikono yangu ikanitangulia. Kabla sijafikiri neno la kusema, vidole vilikuwa tayari hewani mbele ya tumbo langu, vikipekua, vikidonoa, vikitupa pembeni. Mwenzangu mmoja, kijana aliyekulia hapa mpakani na asiyejua kichanja ni nini, akadhani natoa chawa. Akapiga magoti, akaniletea kichwa chake. Ukumbi ukaangua kicheko. Nami nikamtoa chawa hadi mwisho wa onyesho, lakini akili yangu ilikuwa imeshafika kijijini Iyula, wilayani Mbozi, kwa bibi.

Mama yangu anauza vitenge hapa mpakani. Kila mwezi wa sita shule zilipofungwa alinipakia kwenye gari na mfuko wa sukari na sabuni za miche, nikashuke Mbozi kusaidia kahawa. Mwezi wa sita kule ni baridi ya kukufanya ulale na soksi. Asubuhi moshi wa jikoni ulitoka taratibu kupitia nyasi za paa, na kabla hujaosha uso ilikuwa imeshakufikia harufu ya kahawa iliyolala kwenye maji ikichachuka, harufu ya kitu kitamu kinachoelekea kuoza. Mpaka leo siwezi kuamua kama naipenda.

Kichanja kilikuwa nyuma ya nyumba: miti iliyochimbiwa ardhini, juu yake wavu wa waya, urefu wa vitanda vitatu. Kahawa ikishamenywa na kuoshwa ilimwagwa pale, ikiwa bado na maji, na wanawake wakajipanga pande zote kuichambua. Punje nyeusi, toa. Iliyovunjika, toa. Iliyotobolewa na mdudu, toa. Vidole viliganda hadi ukadhani ni vya mtu mwingine. Saa nne vililetwa viazi vya kuchemsha na chai ya tangawizi, tukala tumesimama, mkono mmoja kwenye kiazi na mwingine kwenye kahawa.

Na palikuwa na hadithi. Ilianzishwa na yeyote. Alisimulia mpaka alipotaka, akakata katikati kabisa, akamgeukia yeyote aliye karibu naye na kusema, "Pokea!" Huyo alipiga makofi mawili ya taratibu, kama tunavyopokea chakula au zawadi kwetu, akajibu, "Nimepokea," akaendelea pale pale ilipokatwa. Mikono haikuruhusiwa kusimama. Ukiduwaa, unachukua ndoo unakwenda mtoni. Na hukuruhusiwa kukataa. Kama jirani yako amesema mfalme ana mkia, basi mfalme ana mkia. Bibi alikuwa na msemo wake: "Ulichopewa hakinuswi."

Bingwa wa hadithi hizo alikuwa mtani wa bibi, mwanamke wa upande wa Momba aliyeolewa nyumba ya pili. Yeye na bibi walitaniana kuanzia salamu. Akifika tu: "Bado hujafa? Na mimi nilishakuja na kanga ya kulilia!" Bibi naye: "Nife nikuachie nani sufuria zangu, mwizi wewe?" Mimi mtoto wa mjini niliwatazama kama sinema. Nilijiuliza maneno yale waliyaweka wapi yasipotumika.

Nilikuwa na miaka kumi na moja niliporuhusiwa kusimama kichanjani na watu wazima. Sasa nikuungamie: nilikuwa mtoto wa kuogopa kukosea. Darasani nilifuta jibu mpaka karatasi ikatoboka. Kwa hiyo siku moja kabla, nilijificha nyuma ya ghala la mahindi na daftari langu, nikaandika hadithi yangu nzima, ya msichana mwenye bidii aliyekuwa wa kwanza darasani. Nilirekebisha mara nne. Nilikariri hadi nukta.

Kesho yake mtani wa bibi akaanza. Mwanamke mmoja wa Iyula alikwenda Tunduma kununua sufuria, akarudi na mbuzi. Akapokea mwingine: mbuzi huyo alitoka Zambia, na kila asubuhi alimsalimu mama mwenye nyumba kwa Kibemba, "Mwashibukeni, mayo!" Bibi akapokea: mama yule hakujua Kibemba, akadhani anatukanwa, akamrudisha mbuzi mpakani kwa miguu. Hadithi ikamrudia mtani. Wamefika getini, askari akamtazama mbuzi juu mpaka chini, akamwambia, "Mzee, hati ya kusafiria?" Watu walikuwa wanafuta machozi kwa mabega kwa sababu vidole vimelowa. Hapo akanigeukia.

"Pokea!"

Nikapiga makofi mawili. "Nimepokea," nikasema. "Kumbe ilikuwa ndoto. Kulikuwa na msichana mmoja mwenye bidii..."

Nikasikia punje moja ikianguka chini ya wavu.

"Heh!" mtani akashika kiuno. "Huyu ameniulia mbuzi wangu!"

"Tena mbuzi wa watu," akadakia mwingine.

Bibi, ambaye kama bibi wengi kwetu aliniita mke mwenza, akauliza kwa upole uliouma kuliko ukali: "Mke mwenzangu, mbuzi umempeleka wapi?"

Jibu lake halikuwa kwenye daftari. Mikono yangu ikasimama, na nilikwenda mtoni na ndoo bila kuambiwa, nikalia njia nzima. Kuanzia siku hiyo mtani hakuniita kwa jina. Kila mwezi wa sita nikishuka kwenye gari: "Mchinjaji amefika! Fungeni mifugo!" Wote walicheka, nami nikacheka, na ndani nikaapa kwamba siku nyingine nitajiandaa zaidi.

Nilikuwa nimekosea tena, ila sikujua.

Sekondari niliingia kikundi cha maigizo. Nilikariri maneno yangu na ya wenzangu wote. Mwenzangu aliposahau, nilimnong'oneza kwa sauti iliyofika mpaka viti vya nyuma. Baada ya shule, nikimsaidia mama dukani, niliona kwenye simu video ya watu wa nchi za mbali wakiigiza bila maandishi. Mmoja akisema jambo, mwenzake alilikubali na kuliongezea. Niliitazama mara nyingi nikashangaa: hawa wamemjua bibi yangu wapi?

Sikuwa na mwalimu. Nilijifunza kwa kutazama, nikajaribu mwenyewe nikikunja vitenge, nikawa mteja, nikawa muuzaji, nikawa dereva wa lori aliyekaa foleni mpakani siku tano hadi amesahau sura ya mkewe. Nikapata wenzangu watatu, tukaanza. Lakini nilidanganya. Kabla ya kila onyesho niliandika kwenye daftari watu ishirini wa kuigiza, nikawaingiza kwa nguvu, iwe wanahitajika au la. Siku moja mwenzetu aliigiza yuko kwenye mazishi ya jogoo wake, nami nikaingia kama mwalimu wa hesabu, kwa sababu mwalimu wa hesabu ndiye niliyekuwa nimemfanyia mazoezi. Jogoo akafa mara ya pili. Mwenzetu yule alikunywa maji tu, akatazama ukuta.

Bibi alifariki miaka minne iliyopita. Kwa kuwa mimi ndiye mjukuu niliyejulikana kwa kusema mbele za watu, nilipewa kazi ya kusoma wasifu wake. Niliandika kurasa tatu. Unanijua sasa: nilifuta, nikaandika upya, nikakariri.

Siku ya mazishi nilisimama uani, pale pale mbele ya kichanja. Sikumaliza hata sentensi ya kwanza. Kutoka nyuma ya ghala alitokea bibi. Sweta lake la kijani, kilemba chake, viatu vyake, fimbo yake, na ule mwendo wake wa kuvuta mguu wa kushoto. Watoto wakapiga kelele. Alikuwa ni mtani, akifanya kazi ambayo mtani hufanya msibani kwetu: kumrudisha marehemu kidogo, ili watu wacheke naye kwa mara ya mwisho. Akaenda moja kwa moja kwenye kichanja kitupu, akaanza kuchambua kahawa isiyokuwepo.

"Unasoma nini, mke mwenzangu?" akaniuliza kwa sauti ya bibi. "Nimekufa, sijasahau kwamba nilizaliwa. Achana na makaratasi. Niambie, mbuzi wa watu ulimpeleka wapi? Nasafiri leo, siwezi kwenda na deni hilo moyoni. Pokea!"

Watu waliokuwepo miaka ile wakaanza kuguna. Mama yangu alinitazama kutoka kwenye jamvi la wafiwa. Nilijua kwamba nikirudi kwenye karatasi, nitakuwa nimemuua mara nyingine, na safari hii si mbuzi. Nikakunja kurasa tatu, nikaziweka chini ya kiatu, nikapiga makofi mawili.

"Nimepokea," nikasema. Kisha nikafungua mdomo nione kuna nini. "Bibi, mbuzi hakufa. Bado yuko getini. Wamemnyima njia kwa sababu hana wa kumshuhudia."

"Miaka yote hiyo?"

"Miaka yote hiyo. Yuko kwenye foleni, nyuma ya malori. Anakusubiri wewe. Ukipita leo, mwambie askari huyo mbuzi ni wa kwetu, mvuke wote."

"Nitavukaje na viatu sina?"

"Amevivaa mtani wako. Tena vinambana, anajikaza tu."

Kicheko kilichotoka pale sijakisikia popote tena. Mama alicheka hadi akaangukia bega la shangazi, na kicheko kikageuka kilio akiwa bado mdomo wazi. Mtani alivua viatu vya bibi, akaviweka kando ya jeneza. Akanishika kidevu, sasa kwa sauti yake mwenyewe: "Haya. Mbuzi mzima."

Daftari la watu ishirini sijalifungua tangu hapo. Hofu ninayo bado, usidhani. Lakini napanda jukwaani mikono mitupu.

Baada ya onyesho lile la chawa nilikwenda Iyula. Kichanja hakipo. Siku hizi kahawa inapelekwa mbivu, na maganda yake, kwenye mtambo wa pamoja kule barabarani, na inachambuliwa na vibarua. Ni kazi nyepesi kwa wenye mashamba, silalamiki. Wavu umefunika banda la kuku. Kati ya miti, miwili imebaki, na mboga za maboga zimeipanda. Mto ninaoukumbuka ukiwa mbali hata ndoo ilinikata mkono, niliufikia kwa dakika sita.

Mtani nilimkuta kwake, amekaa juani na ungo wa maharage. Masikio yamechoka, ila vidole viko vile vile. Nilimuuliza kwa sauti ya juu jambo nililobeba miaka mingi: ule mchezo wa kupokezana hadithi, nani aliuanzisha? Ulitoka kwao Momba au ulikuwa wa kwetu sisi Wanyiha?

"Mchezo gani?"

"Wa kichanjani. Pokea, nimepokea."

Akacheka bila meno. "Ule haukuwa mchezo. Baridi ilikuwa kali, mikono ilitaka kwenda mifukoni, na kahawa ingeharibika. Bibi yako akasema tupige soga ili tusahau vidole. Wewe ndiye uliyeondoka hapa ukauita mchezo."

Nimejenga maisha juu ya wanawake waliokuwa wakikwepa baridi, na wote waliosimama pale, isipokuwa huyu, sasa wako makaburini au wamefuata watoto wao mijini. Nilitaka kumuuliza mengine, mengi. Lakini jua lilikuwa limehama, naye alikuwa amechoka kuchambua. Akanisogezea ungo.

"Pokea," akasema.

Sijui alikuwa ananipa maharage au alikuwa ananipa hadithi. Nilipiga makofi mawili, nikaanza kutoa mabovu, na nilipofungua mdomo, mbuzi alikuwa ameshavuka.