Mbegu Isiyosomewa Dua

Mwanangu, kosa la kipumbavu kuliko yote niliyowahi kufanya nililifanya nikiwa na cheti cha kidato cha nne, na shamba nililolifanyia kosa hilo halikuwa hata langu. Lilikuwa la mama.

Nakumbuka ilikuwa miaka ile ya Ujamaa, tumehamia kijiji kipya upande wa Mikumi, nyumba zimepangwa mstari kama wanafunzi. Wenzangu waliomaliza shule walikimbilia mjini Morogoro. Mimi nilirudi kwa mama. Nilipenda kitanda changu kuliko maendeleo. Ila kulikuwa na jambo moja lililoninyima raha hata kitandani: Mungu yupo? Na kama yupo, ushahidi uko wapi? Nilimuuliza kila mtu, hata waliokuwa wakipita na kuni kichwani. Wakanipachika jina la Bwana Thibitisha.

Desturi yetu, kabla ya kupanda, kila kaya hupeleka mbegu yake kwa Maalim Shomari aisomee dua, kisha watu wanakula kande pamoja na kugawana zamu za kuamia, yaani kulinda mashamba, maana nyani wa kule hawana aibu. Mwaka ule nikamwambia mama, "Mbegu yetu haiendi. Tukivuna sawa na wao, nitakuwa nimethibitisha."

Mama, mjane aliyejinyima ili nisome, aliirudisha mbegu ndani. "Haya," akasema. "Wewe ndiye msomi."

Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Mahindi yakaota mazuri ajabu. Nikatembea kijijini kifua mbele. "Mahindi hayajui kusali," nikawaambia wazee, nao wakanyamaza. Usidhani kila anayenyamaza ameshindwa.

Yakakomaa. Mama alikuwa akishinda shamba la kijiji na wenzake, na kwa kuwa hatukwenda kwenye dua, kwenye zamu hatumo, kuamia kukawa juu yangu. Asubuhi moja niliona jua limekuwa kali, nikarudi ndani kuandika hoja zangu za kuwa Mungu hayupo. Nilikuwa nimefika hoja ya saba nilipowasikia nyani. Nilipofika walikuwa wamemaliza shamba. Mmoja mkubwa alikaa juu ya kisiki, akinitazama huku akitafuna, wala hakuona haja ya kukimbia.

Kijiji kizima kikasema Mungu amejibu. Nikamwendea Maalim, hasira na hofu vikinigombania.

"Shikamoo, Maalim. Huu ndio ushahidi?"

"Marahaba. Ushahidi wa nini? Nyani hawaulizi mbegu ya nani ilisomewa dua. Wanaangalia shamba gani halina mtu."

"Kwa hiyo Mungu hakuhusika?"

"Sijui, Bwana Thibitisha. Mimi namwomba, simsemei."

Angenitisha kwa moto wa jehanamu ningelala vizuri zaidi. Hata leo nikisujudu, swali lile husujudu pembeni yangu, na mara nyingine huinuka kabla yangu.

Basi shika haya, mwanangu. Kuuliza si ujinga. Uliza, hata wakikuchoka. Lakini ukitaka kumpima Mungu, mpime kwa jasho lako, usimpime kwa chakula cha mwenzako. Wala usijitenge na watu kwa kuwa mmetofautiana juu ya mbingu, maana nyani wako hapa hapa duniani. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Mimi guu langu lilibaki zima, aliyeumia ni mama. Mungu, ambaye mimi bado namtafuta, akutafute wewe mapema. Akupe moyo usioogopa kuuliza, na mikono isiyosahau kulisha.

Sikuyaokota haya kitabuni. Siku ya pili baada ya nyani, akiba yetu ya mwaka uliopita imekwisha, nilikuwa nimesimama mlangoni nikimweleza mpita njia kwamba tukio lile halithibitishi chochote. Akaja jirani yetu, Bi Sikudhani, na sufuria ya ugali mikononi, akanikatiza:

"Wewe na Mungu mtajuana wenyewe. Mama yako hajala tangu jana. Toka mlangoni nipite."