Mkono Kwenye Jezi ya Bwana

Ninyi wajukuu mtakaosoma haya, kaeni vizuri kwanza. Mimi niliishia darasa la pili, kwa hivyo sitawapambia maneno.

Miaka ya hamsini nilikuwa msichana wa kufua nguo katika shamba moja la kahawa karibu na Ruiru. Mwenye shamba tulimwita Bwana tu. Zamani aliichezea nchi yake raga huko Ulaya, ule mchezo wa wanaume kuinama bega kwa bega na kusukumana kama ng'ombe penye josho. Ukutani kulikuwa na picha yake na wenzake kumi na wanne, wamekunja mikono kifuani, hakuna anayecheka. Chini ya picha, kwenye msumari, ilining'inia jezi yake ya mwisho. Kifuani ilikuwa na alama ya mkono wa matope meusi, vidole vitano wazi.

Mpishi, Mzee Kamau, aliniambia siku ya kwanza, "Hiyo ya msumarini usiguse."

"Kwani itaniuma?"

"Wee Nyambura, huo mdomo utakurudisha kwenu mapema. Nimesema usiguse."

Lakini nilikuwa na kiburi cha sabuni. Nguo zangu zilisifiwa mpaka kijiji cha Gitothua, na jezi chafu katika nyumba ninayofulia niliiona ni aibu yangu. Asubuhi moja Bwana alipoenda Thika, nikaishusha, nikaichemsha kwenye debe. Mwanangu, niliisugua mpaka vidole vikauma na ule mkono ukatoka wote.

Nikaianika. Hakukuwa na upepo hata wa kutikisa jani la kahawa. Shuka zilikuwa zimelala kwenye kamba. Jezi peke yake ilijaa, kifua mbele, mikono imenyooka, kama imevaliwa. Nikajiambia ni jua.

Bwana aliporudi aliikuta bado kambani, akaipapasa kifuani.

"Mkono iko wapi?" akaniuliza kwa Kiswahili chake.

"Ilikuwa chafu, Bwana."

"Hapana chafu. Hiyo rafiki yangu."

Mzee Kamau ndiye aliyenieleza jikoni. Katika mechi moja wachezaji waliangukiana, na rafiki wa Bwana akavunjika shingo chini ya lundo. Alishika kifua cha Bwana, kisha akaachilia, akafa. Bwana hakucheza tena, ingawa walimbembeleza.

"Kila jioni anaweka kiganja chake juu ya kile," Kamau akasema. "Leo ataweka wapi?"

Kesho yake saa sita mchana Bwana alivaa ile jezi, akaenda uwanja wa kuanikia kahawa, akainama, akatoa bega, akasukuma hewa. Wafanyakazi wakacheka chini chini. Kisha wakanyamaza, maana viatu vyake vilikuwa vinarudi nyuma. Kitu kilikuwa kinamsukuma. Visigino vilichimba mitaro miwili ardhini. Siku ya pili, vilevile. Siku ya tatu akaanguka chali, na alipoinuka palikuwa na mkono kifuani, vidole vitano, kwa udongo mwekundu wa Ruiru. Mikono yake mwenyewe ilikuwa safi. Niliikagua, kujua uchafu ndiyo ilikuwa kazi yangu. Alikuwa anatabasamu huku machozi yanamtoka.

"Umefurahi?" Kamau akaninong'oneza. "Yule marehemu alikuwa amelala kwao. Wewe umemhamishia hapa."

Jioni Bwana aliagiza sahani mbili. Kamau alizipeleka, na zilirudi zote mbili tupu. Asubuhi nilifunga virago nikaenda kwa shangazi yangu Thika.

Sikilizeni basi. Usafi ni mzuri, na mchafu simtaki nyumbani kwangu. Lakini kitu cha mtu aliyefiwa ni chake. Hujui kinamshikilia nini, wala kinazuia nini. Aliyekutangulia mahali akisema usiguse, usiguse, hata kama hajakupa sababu. Uliza, ngoja, na ukinyimwa nyamaza. Mungu awape macho ya kuona majonzi ya wenzenu, na mikono inayojua kutulia.

Siku tuliyomzika babu yenu, mabinti zangu walikuja kutoa shuka zake wafue. Niliwaambia, "Wekeni beseni chini. Hakuna kitu chake kitakachoguswa na maji kabla sijasema mimi, na nikifa sijasema, kizikwe na mimi."