Kabla Picha Haijakauka

Nilikuwa bado mtoto, darasa la tatu, nilipopewa kazi ya kulinda mtungi wa udongo. Kwa watu wengi mtungi ni wa maji ya kunywa. Kwetu hapa Lodwar ulikuwa chombo cha kazi, na baba alikuwa mkali juu yake kuliko alivyokuwa mkali juu ya madaftari yangu ya shule.

Baba alikuwa mpiga picha. Alipiga picha nyeusi na nyeupe, nyingi zikiwa za kitambulisho, mtu akiwa ameketi kwenye stuli mbele ya shuka jeupe lililotundikwa ukutani. Filamu alizisafisha mwenyewe nyumbani, katika stoo ambayo mlango wake aliuziba kwa mablanketi mawili. Mwanga aliuweza. Joto ndilo lililomsumbua. Filamu ikisuuzwa kwa maji ya moto, ule utando unaobeba picha hulainika na kubanduka, na Lodwar jerikani ikikaa juani kwa saa mbili, maji yake yanakaribia ya chai.

Kwa hiyo alijitafutia njia. Aliuvika mtungi gunia, akauweka chini ya kibanda cha makuti ya mkoma, mahali upepo unapopita kutwa nzima. Kazi yangu nikitoka shule, na siku za likizo tangu asubuhi, ilikuwa kulimwagia gunia lile maji lisikauke. Upepo ukilipiga gunia lililolowa, maji ya ndani yanapoa vizuri. Kipimajoto chake kilivunjika kabla sijazaliwa na hakununua kingine. Aliuamini mtungi, na baada ya kunifundisha, aliniamini mimi. Sheria ilikuwa moja tu: maji ya mtungi hayanywewi.

Ata, yaani bibi yangu mzaa baba, hakuipenda kazi ile. Baba alipotundika filamu ikauke, Ata alikuwa akiisogelea na kuitazama dhidi ya anga. Kwenye negativu, yaani filamu iliyosafishwa, watu wetu walikuwa na nyuso nyeupe na meno meusi. "Hawa ni wafu," alikuwa akisema, kisha anarudi kwenye ngozi yake kukaa. Baba alikuwa akicheka. Alisema kwamba wafu hao hao ndio wanaomnunulia yeye ugoro. Hilo lilikuwa kweli, na Ata hakuwahi kuukataa ugoro.

Asubuhi ninayoikumbuka ilikuwa ya likizo. Baba mdogo wangu, Esekon, alifika akiwa juu ya lori kutoka Lowarengak, amekaa juu ya magunia ya samaki wakavu. Alikuwa kitinda mimba wa Ata, kijana mrefu mwenye kucheka ovyo, na mimi nilimpenda kuliko baba zangu wadogo wote. Lori lilikuwa lipumzike Lodwar hadi adhuhuri, kisha liendelee Kakuma na Lokichoggio. Huko Lokichoggio alikuwa na shemeji aliyemwahidi mbuzi. Lakini kwanza alitaka kupigwa picha ya kitambulisho. Angeichukua wakati wa kurudi, baada ya wiki mbili, aipeleke ofisini.

Baba alikuwa ndani anachanganya dawa. Esekon akanikuta peke yangu kwenye kibanda. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa vumbi.

"Akiru, ejok?" alinisalimia. "Nipe maji."

Nikamwambia maji yale ni ya kazi.

"Tangu lini maji yakawa na kazi nyingine?" akaniuliza.

Nilisita kidogo tu. Nimelelewa nikijua kwamba mtu anayemnyima mgeni maji atasemwa hadi siku ya harusi yake, na huyu wala hakuwa mgeni, alikuwa damu yangu. Maji ya jerikani yalikuwepo, ila yalikuwa juani, na nani anampa ndugu yake maji ya moto wakati ya baridi yako mbele yake? Nikachota kwa kikombe cha bati. Alikunywa akiwa amefumba macho. Akarudisha kikombe, nikachota tena, na tena. Vikombe vikubwa vinne. Mtungi wenyewe haukuwa mkubwa, na baba alikuwa ameshachota humo ya kuchanganyia dawa. Nilipoinama kutazama, niliona udongo wa chini.

Baba akatoka, wakasalimiana, wakacheka. Akamkalisha kwenye stuli. Kwenye filamu ilibaki picha moja, kumi na moja zikiwa tayari za watu wengine, basi ile ya mwisho akapewa Esekon. Alikaa wima, mikono magotini, akijitahidi asicheke. Baba aliponigeukia na kuuliza, "Maji yako tayari?" nikajibu, "Tayari."

Neno hilo moja nimelirudia kichwani mara nyingi kuliko sala.

Baba alisafisha filamu siku hiyo hiyo, kwa dawa aliyoichanganya. Mambo yalikwenda sawa hadi dawa ya mwisho. Kilichobaki kilikuwa kusuuza tu, kubadilisha maji mara kumi, kazi ambayo nilikuwa nimeshaachiwa mara nyingi. Hapo lori likapiga honi kule barabarani, na Esekon akachukua fimbo yake na kistuli chake cha mbao.

Ata aliinuka. Sikuwa nimemwona akiinuka haraka hivyo.

"Ngoja picha ikauke," alimwambia.

"Mama, gari linaondoka."

"Mtu haondoki kivuli chake kikiwa bado majini. Kitamfuata kwa njia gani? Ngoja ikauke, upande gari la kesho."

Esekon alimtazama kaka yake, na baba akacheka. Hakuwa na ubaya. Alicheka kama mtu aliyesoma anavyomcheka mama yake. "Mama, hiyo ni filamu na dawa tu," alisema. "Mtoto ataisuuza, ikikauka itamngoja hapa." Kisha wakaondoka wote wawili, baba akimsindikiza ndugu yake hadi kwenye lori. Ata alibaki amesimama, mkono juu ya macho kuzuia jua, mpaka honi ikaacha kusikika.

Mimi niliingia stoo. Maji yaliyobaki chini ya mtungi yalinitosha kusuuza mara moja na nusu. Kwa mara zile nyingine nilikwenda kwenye jerikani. Nilijua ni makosa. Niliingiza kidole, maji yakaniuma, nikajiambia labda haidhuru, kazi ya dawa imekwisha. Nikamimina kwenye kopo la filamu. Tena na tena hadi kumi, maana kuhesabu nilijua. Halafu nikafanya jambo linaloniaibisha kuliko yote: niliujaza mtungi kwa maji ya jerikani na kulilowesha gunia vizuri, ili baba akirudi aukute umejaa.

Baba alirudi, akafungua kopo, akaivuta filamu. Picha zilikuwa zimejikunja kama utando wa maziwa yaliyochemka. Ya Esekon, iliyokuwa mwisho, ilikuwa imebanduka kabisa. Baba aliigusa ili airudishe mahali pake, na uso wa ndugu yake ukabaki kwenye kidole gumba chake.

"Umetumia maji ya mtungi?" aliniuliza.

"Ndiyo."

Akaenda kuutazama mtungi. Akakuta umejaa, gunia limelowa, upepo unavuma. Miaka yote ile mtungi haukuwahi kumharibia filamu hata moja. Alisimama pale muda mrefu, na Ata alikuwa anamtazama. Safari hii baba hakucheka.

Wiki mbili zilipita, kisha mwezi. Esekon hakurudi. Shemeji yake alituma habari kwamba alifika, akalala siku tatu, akaondoka na wenzake kuelekea Nadapal, mpakani na Sudan, kufuata ng'ombe walioibwa. Wenzake wengine walirudi. Kila mmoja alisema alimwona mara ya mwisho mahali tofauti.

Baba alikwenda Lokichoggio mara mbili. Mara ya tatu alikwenda Kakuma, kwa sababu tulisikia huko kuna ofisi inayotafuta watu waliopotea njiani wakitoka na kuingia Sudan. Alinichukua, sijui kwa nini, labda hakutaka kuwa peke yake. Karani alikuwa kijana mpole. Aliandika jina, urefu, alama za mwilini. Kisha akaomba picha, wapate kuibandika na kuwaonyesha watu wanaovuka.

"Sina," baba alisema.

"Hata ya zamani?"

"Sina."

Karani akatazama fomu. "Mzee, hapa umesema kazi yako ni kupiga picha. Na picha ya ndugu yako huna?"

Hakusema kwa dharau, lakini niliona baba akitazama kidole chake gumba. Nilikuwa nimekaa karibu naye kwenye benchi, magoti yetu yakigusana. Ningeweza kusema pale pale. Nilikuwa na miaka tisa na tayari nilikuwa nimechelewa mno, au nilidhani hivyo. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema, ila hawasemi kifo cha nani.

Tangu hapo baba hakupiga tena picha ya mtu wa familia. Za kitambulisho aliendelea nazo mwaka mmoja hivi, akiwataka wateja wakae hadi filamu ikauke, nao wakamhama mmoja mmoja kwa sababu nani ana muda huo. Baadaye akaitundika kamera na kwenda kufanya kazi ya ulinzi. Ndiyo maana mimi sina picha ya utoto baada ya darasa la tatu. Ukoo mzima uliisimulia habari ile hivi: Ata alionya, mwanawe mkubwa akacheka, mwanawe mdogo akapotea. Mimi niliisikiliza ikisimuliwa kwenye misiba na harusi, nikinyamaza. Hakuna aliyewakumbuka wale watu kumi na mmoja ambao nyuso zao ziliharibika katika maji yale yale. Walirudi, wakapigwa upya, wakalalamika kidogo. Wote walizeeka au wanazeeka salama. Mmoja wao ananiuzia makaa hadi leo.

Ata alifariki nikiwa kidato cha pili. Siku za mwisho alimwita baba kwa jina la Esekon, na baba aliitika.

Sasa mimi ni mwalimu hapa hapa Lodwar. Mwaka juzi nilinunua kamera ya filamu kuukuu, nikaanza kupiga na kusafisha picha nyeusi na nyeupe bafuni kwangu. Majirani wananicheka, wanauliza kama simu yangu imeharibika. Maji ninayapoza kwa barafu ya Mama Halima anayeuza soda karibu na soko. Baba anaishi nami, macho yake yamepungua nguvu, lakini masikio yake ni mazima. Jioni moja akasikia barafu ikigonga ndoo.

"Barafu ya nini?"

"Ya kupoza maji ya filamu, baba."

"Mtungi ulikuwa unatosha."

"Siku ile haukutosha," nikasema. Sikuwa nimepanga. Nilikaa sakafuni karibu na kiti chake nikamwambia yote: kikombe cha bati, jerikani, mtungi nilioujaza. Sauti yangu ilikuwa ya mtoto wa miaka tisa, nikaichukia. Nilimngojea akasirike. Nilitaka akasirike.

Aligeuza uso upande wa ndoo.

"Alikunywa vikombe vingapi?" akauliza.

"Vinne."

Akatikisa kichwa polepole, akiwaza. "Basi aliondoka hana kiu," alisema. Halafu akaniomba maji, nikampa ya baridi.

Hajaigusia habari ile tena. Mimi ndiye ninayeigusia, kila ninaposuuza filamu. Nimewauliza wazee wengi wa hapa na wa Kakuma kuhusu ile sheria ya Ata, kwamba mtu asisafiri kabla picha yake haijakauka. Hakuna anayeijua. Na nikikumbuka vizuri, wateja wangapi waliondoka kwetu filamu zikiwa bado zinadondosha maji, na Ata hakuwazuia? Naamini aliitunga pale pale. Alikuwa mama aliyekuwa anatafuta siku moja zaidi na mwanawe, akashika kilichokuwa karibu. Na mimi nilikuwa nayo siku hiyo mkononi. Ningesema mtungi ni mtupu, baba asingeisafisha filamu mchana ule; huenda Esekon angeingoja hadi kesho, na hata kama angeondoka, uso wake ungebaki.

Siamini habari za vivuli. Lakini baba anapotaka kwenda Kakuma kuwaona jamaa, nampiga picha kwanza, naisafisha, naitundika dirishani. Yeye anakaa kwenye kiti na fimbo yake, anangoja ikauke. Haniulizi kwa nini, na mimi siwashi feni kuiharakisha.