Mshauri wa fedha aliniuliza mimi

Leo nimelia ofisini kwa mtu, halafu nikamlipa elfu hamsini.

Mnajua baba Neema alituacha masika. Mafao yake yametoka wiki hii.
Shemeji kasema, "Hela haikai benki, shemeji. Hela inakaa zizini. Nunua ng'ombe!"
Dada yangu anataka ninunue kiwanja Misunkumilo.

Nikaona bora nimlipe mshauri wa fedha hapa Mpanda mjini. Dada mpole tu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza,
"Mama, wewe mwenyewe unataka nini?"

Jamani, niligeuka kumwangalia baba Neema.
Kiti kilikuwa kitupu.

Miaka ishirini, swali la hela likija nageuka hivyo. Yeye anakohoa kidogo, ndipo anajibu.

Yule dada alisubiri nifute machozi.
Mwishowe nikasema, "Nataka Neema amalize uuguzi."
"Basi tuanzie hapo. Ada ya chuo kwanza, ng'ombe baadaye."

Shemeji kanicheka kwenye simu: "Yaani umelipa uambiwe ulichosema mwenyewe?"

Ni kweli, shemeji.
Ila nilikuwa sijawahi kukisema.

Nyie mngelipa?